Wavu Unaosogea: Lugha ya Wavuvi wa Kyela na Istilahi za Uigaji wa Rafadha

1. Utangulizi

Ukuzaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoeleka kupimwa kwa wingi wa maneno yaliyosanifiwa. Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na hasa baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, orodha hizo zimerefuka. Kipimo kingine hutumika kwa nadra: je, istilahi hizo zinamwezesha mtu kueleza jambo lililoharibika, kutafuta chanzo chake na kulitengeneza? Kutaja kifaa ni kazi ya nomino moja. Kueleza hitilafu yake kunahitaji vitenzi vinavyotenga kasoro moja na nyingine.

Mhadhara huu unakitumia kipimo hicho katika uwanja mmoja mwembamba: uigaji wa kompyuta wa maji yanayozunguka rafadha ya meli. Mahali panapohusika ni Kyela, ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hapo, katika bandari ya Itungi, zilikamilishwa meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe mwaka 2017, na MV Mbeya II ikaanza safari mwaka 2021. Hapohapo wavuvi hutoka usiku na karabai kuvua usipa. Fundi wa rafadha na mfumaji wa nyavu wanaishi ufukwe mmoja, na hoja ya mhadhara ni kwamba lugha ya huyu wa pili tayari inabeba sehemu kubwa ya istilahi anazozihitaji yule wa kwanza.

2. Wavu wa kukokotolea

Kompyuta haiwezi kukokotoa mwendo wa maji katika kila nukta ya ziwa. Hivyo eneo linalochunguzwa hugawanywa katika vipande vingi vidogo, na kasi na kanieneo la maji hukokotolewa katika kila kipande. Mgawanyo huo ni wavu. Mvuvi wa Matema angeutambua muundo wake bila kufundishwa: kuna uzi, kuna fundo ambapo nyuzi hukutana, na kuna jicho linalozungukwa na mafundo. Maneno hayo matatu yanatosha kutaja sehemu zote za msingi.

Ugumu huanza rafadha inapozunguka. Wavu ukifungwa kwenye mapanga ya rafadha kwa upande mmoja na kwenye kuta zisizosogea kwa upande mwingine, mzunguko huusokota kama kamba, na kabla ya mzunguko mmoja kutimia hautumiki tena. Kwa sababu hiyo hutengenezwa nyavu mbili: wa ndani, wenye umbo la duara, huzunguka pamoja na rafadha, wa nje hutulia. Zinapokutana pana mshono, na maji huvuka mshono huo katika kila hatua ya wakati.

3. Kasoro nne na majina yake

Mwanafunzi wa uhandisi nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Programu inaposimama ghafla na kutoa ujumbe wa mstari mmoja, mara nyingi huukariri ujumbe ule kama ulivyo, asiweze kumweleza mwenzake ni kitu gani kimepinduka, kimefumuka au kimeruka. Vitenzi hivyo vitatu ni vya wavuvi, na kila kimoja kina tiba yake.

Kasoro ya kwanza ni jicho lililopinduka. Hutokea pale wavu unapolazimika kunyumbuka, kwa mfano meli inapoinuliwa na mawimbi ya mwera, upepo wa kusini unaovuma juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Macho yaliyo karibu na ubavu wa meli ni membamba mno. Fundo likisogea kwa hatua moja kuliko unene wa jicho, huvuka upande wa pili. Ujazo wa jicho huwa hasi na ukokotoaji husimama. Tiba ni kufupisha hatua, au kuyaacha macho ya ubavuni yasogee pamoja na meli ili kunyumbuka kubebwe na macho mapana yaliyo mbali.

Kasoro ya pili ni mshono uliofumuka. Macho ya upande mmoja wa mshono yakiwa makubwa kupita kiasi kuliko ya upande wa pili, au duara la ndani lisipokaa sawasawa katika tundu lake, huachwa mwanya. Tiba ni kusawazisha ukubwa wa macho pande zote mbili na kuhakiki kwamba mhimili wa mzunguko ni ule ule wa rafadha.

Kasoro ya tatu ni kuruka macho, nayo hudanganya zaidi. Tuseme rafadha yenye mapanga manne inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani nyuzi 1,800 kwa sekunde. Hatua ya sekunde 0.01 huizungusha nyuzi 18 kwa mkupuo, na macho yaliyo katikati hayaoni panga likipita. Hatua ikiwa sekunde 0.05, rafadha hugeuka nyuzi 90 kamili: kila panga hukalia nafasi ya mwenzake, na katika picha rafadha huonekana imesimama. Wavu haukatai, wala hakuna onyo. Anayetaka hatua ya uzi mmoja wa pembe lazima ashuke hadi sekunde 0.00056 hivi.

4. Mpaka wa sitiari

Kasoro ya nne inaonyesha mahali ambapo lugha ya wavu hufika ukomo. Wavu wa mvuvi hushika samaki na kuyaachia maji. Wavu wa mhandisi hushika hesabu ya maji yenyewe. Jicho la mvuvi ni bapa, la mhandisi lina ujazo. Wavu unaposogea, ujazo unaofagiwa na kila uso wa jicho lazima ulingane barabara na badiliko la ujazo wa jicho lenyewe. Sharti hili, lililoelezwa na Thomas na Lombard mwaka 1979, likivunjwa, wavu huzalisha maji yasiyokuwapo au huyapoteza yaliyokuwapo.

Kitenzi cha kasoro hiyo hakitoki wavuni, kwa kuwa wavu haulaumiwi kwa kupitisha maji. Kinatoka mtumbwini: kuvuja. Kipimo chake pia kinafanana na cha fundi wa mitumbwi, anayekiweka chombo majini matulivu kabla ya kukipeleka ziwani. Mhandisi huyapa maji yote kasi moja isiyobadilika, huuondoa umbo la rafadha, kisha huusogeza wavu mtupu. Kasi ikibaki ile ile kila mahali, wavu hauvuji. Ikibadilika, kosa halimo katika rafadha wala katika maji, na kuendelea kuyatafuta huko ni kupoteza siku.

5. Hitimisho

Istilahi zilizojadiliwa hazikubuniwa mezani. Fundo, jicho, mshono, kupinduka, kufumuka, kuruka na kuvuja ni maneno yanayotumika kila siku. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka ya kitaalamu, na kukiri pale wavu unapopaswa kuuachia nafasi mtumbwi. Thamani yake si fahari ya lugha. Mwanafunzi anayesema “jicho limepinduka” amekwisha kuelekea kwenye hatua ya wakati na unene wa jicho. Anayesema “pana hitilafu” bado yuko mlangoni. Kwa hiyo orodha ya istilahi za uigaji itakapotayarishwa, isiishie kwenye nomino. Kando ya kila nomino viandikwe vitenzi vya kuharibika kwake, na kando ya hivyo, vitenzi vya kutengenezwa kwake.