Kina Baba na Maradhi Yanayofichwa



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya afya ya mwanamume, jambo tulilozoea kulinong'ona kilabuni au kutolisema kabisa. Wengi wetu twaifahamu njia ya zahanati kwa kumpeleka mtoto au kumsindikiza mama mjamzito. Kwa ajili yetu wenyewe twangoja mpaka tubebwe.

Tuanze na ziwa. Tangu Lituhi hadi Mbamba Bay, mwanamume huingia majini kwa kazi yake. Kichocho huletwa na minyoo wadogo mno watokao kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, hata isiyo na jeraha. Wakikomaa hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na mayai yao hutoka na mkojo pamoja na damu. Mahali pengi barani Afrika mvulana akojoaye damu huambiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Huo ni uongo wa hatari. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Hapa pana suala la haki pia, ndiyo maana nakawia. Mayai hayo yakiingia majini huanguliwa, vijidudu vyake hutafuta konokono, na safari huanza upya. Hivyo baba anayeficha ugonjwa wake na kukojoa ziwani anaurudisha pale pale mkewe anapoosha vyombo na watoto wanapooga. Aibu yake wanailipia wao.

Tiba ipo: vidonge vya prazikwanteli, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa siku moja kulingana na uzito wa mgonjwa. Havimkingi anayerudi majini, basi kupima hurudiwa. Mkojo wa kupimwa ni vema utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai huwa mengi.

Huko milimani, kwa wazee wetu wa kahawa na ngolo, lipo la tezi dume. Baada ya miaka 50 hivi tezi hii hukua. Mzee huamka mara nyingi usiku, mkojo hutoka kwa kukatika, na pengine huziba kabisa. Mara nyingi si saratani, lakini yaweza kuwa, na bila kupimwa hakuna ajuaye. Daktari hupima damu, na pengine hupima kwa kidole katika njia ya haja kubwa. Najua hilo ndilo linalowakimbiza wengi. Halizidi dakika chache.

Juu ya nguvu za kiume nitasema kidogo: kisukari na shinikizo la damu huzipunguza, na muuza mizizi wa gulioni hapimi hata kimoja.

Hospitali tunazo: Litembo, Liuli, na Peramiho kwa yanayohitaji wataalamu zaidi. Nauli ni mzigo, nakubali, hasa kabla ya malipo ya kahawa. Basi anza na zahanati ya kijijini, uombe barua ya rufaa ikihitajika. Mgonjwa anayo haki ya kuelezwa maradhi yake kwa lugha anayoielewa, na ya kutunziwa siri. Ukiulizwa dirishani mbele ya watu unaumwa nini, jibu kwa adabu kwamba utamweleza daktari chumbani, kisha kaa kwenye benchi usubiri zamu yako.