Moyo Hausubiri Ufunguo
(Mazungumzo na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, Kilifi)



Tuanze na jambo lililotuuma. Katika chuo kimoja cha huku Pwani kijana alianguka uwanjani wakati wa mazoezi ya mpira. Wenzake walimmwagia maji, wakampepea, wakaanza kutafuta tuktuk. Mashine ya kushtua moyo ilikuwapo, tena mpya. Ilikuwa imefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo kaenda Mombasa. Kijana hakufika hospitali akiwa hai. Hatusemi angepona kwa hakika. Tunasema hakupewa nafasi.

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Sasa jiulizeni, gari itatoka wapi kwa dakika 4? Basi aliye karibu ndiye daktari. Mtikise mabega, mwite. Haitiki, wala hapumui sawasawa? (Kukoroma kwa kukatika-katika si kupumua, msidanganyike.) Mmoja apige simu, mwingine akimbilie mashine, nawe piga magoti. Weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, ukandamize sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Inachosha, kwa hiyo mpokezane kila dakika 2. Wengine huogopa kuvunja mbavu. Mbavu hupona.

Aliyeopolewa baharini alikosa hewa kwanza; aliyefunzwa humpulizia pumzi 5 kabla ya kukandamiza.

Na mashine yenyewe? Watu wanaiogopa bure. Ukiiwasha inakuambia la kufanya, inapima moyo, na haitoi umeme usipohitajika. Ila nyingi husema Kiingereza, kwa hiyo tuizoee mapema.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Watu hawakuacha kumkandamiza, wakampiga umeme tena na tena, na alipona.

Kwa uongozi wa chuo tunaomba mashine ikae langoni kwa askari, usiku na mchana, bila kufuli, na askari hao wawe wa kwanza kufunzwa. Sanamu za mazoezi tumekuja nazo. Vueni viatu, tuanze.