Kawira na Makena: Namna ya Kumkumbuka Mama



Leo nazungumzia tanzia. Tunazisoma kila asubuhi gazetini: mke wa fulani, mama yao fulani na fulani, nyanya wa wengi, mfanyabiashara. Mara moja moja, mwishoni kabisa, huja neno lisilotarajiwa: mcheza gofu. Hoja yangu ni kwamba neno hilo tunalolipitia mbio ndilo lenye mengi ya kutufunza.

Tuanze na majina. Jina la Kimeru ni wasifu mfupi. Kawira ni mchapakazi, Karimi ni mlimaji, Mukami ni mkamaji. Lakini hazina hiyo hiyo ina Makena, mwenye furaha, na Kagwiria, aletaye furaha. Wahenga waliona kazi na furaha zote zinafaa kurithishwa mtoto.

Tanzia zetu zimemhifadhi Kawira, na anastahili. Katika miaka ya 1930, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa. Mara nyingi mikono iliyochuma ilikuwa ya mke, na jina katika daftari la kiwanda likawa la mume. Basi mama akatafuta shilingi yake kwingine: ndizi katika soko la Gakoromone mjini Meru, ndengu za Mbeere, cherehani, duka, chama cha akiba. Sheria ilikuja nyuma yake. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981. Katiba ya 2010 ikataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe. Mama alikuwa ameshafungua duka zamani.

Na Makena, mama mwenye furaha, je? Turudi kwa yule mcheza gofu. Gofu ililetwa na wakoloni; klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia viwanjani kama kedi, mkoba wa mchezaji begani. Mwanamke Mwafrika alikuwa na malango mawili ya kuvuka. Rose Naliaka aliyavuka, akawa Mkenya wa kwanza wa kike kucheza gofu ya kulipwa, kisha akawafunza wasichana. Mwaka 2019 wachezaji wa msururu wa mashindano ya gofu ya wanawake wa Ulaya walikuja kushindana Vipingo, Kilifi.

Hata hivyo, mama ninayemwaza hakutafuta kombe. Mashimo 18 humchukua mtu muda wa saa nne hivi. Katika muda huo hakuna anayepakuliwa chakula, anayeuziwa sukari wala anayeomba karo. Kuna nyasi, mpira, na wenzake wa kutaniana nao. Akimaliza, anatia sahihi kadi ya mapigo yake mwenyewe. Daftari la duka liliandika anachodaiwa na anachodai. Kadi hii iliandika alivyocheza tu. Na hendikapu yake, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, haikumlinganisha na mume wala jirani. Ilimpima kwa michezo yake iliyopita.

Mtaniambia gofu ni ya wenye nacho, na kwamba mama wengi wa Igembe au Mbeere hawajawahi kushika fimbo yake. Ni kweli. Ndiyo sababu nawaomba msiitazame gofu yenyewe. Kila mama ana gofu yake: sauti ya pili katika kwaya, maua aliyopanda asiyauze, soga iliyoendelea baada ya chama kufungwa na hesabu kumalizika. Hayo hatuyaandiki, kwa kuwa hayakutulipia karo.

Wanafunzi, nawapa kazi moja. Msingoje kamati ya mazishi ikutane. Mwenye mama, nyanya au shangazi aliye hai amuulize jioni hii: unapenda nini ambacho sisi hatufaidiki nacho? Pengine atacheka kwanza, kwa kuwa hajawahi kuulizwa. Mngojeeni amalize kucheka. Huyo anayecheka ndiye Makena, na jibu lake ndilo mstari unaokosekana katika tanzia zetu.