Kazi, Ufundi na Akiba
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Bwana Katibu ameniomba nizungumze juu ya jambo ambalo limekwisha kubisha hodi katika nyumba za baadhi yetu, nalo ni hili: biashara zilegeapo na wafanyakazi wapunguzwapo, mtu mwenye kazi afanye nini, na mzazi amshauri nini mwanawe anayetafuta kazi?

Kwanza yafaa tukumbuke ya kwamba shida hii si ngeni katika nchi yetu. Baada ya mwaka 1929 bei za mazao zilianguka ulimwenguni pote, na hapa Kenya mishahara ya wafanyakazi ikakatwa. Tangu mwaka 1993 Serikali ilishika mpango wa kupunguza watumishi wake, na wengi wakastaafu kabla ya wakati wao. Katika miaka hiyo hiyo soko lilifunguliwa, mitumba ikajaa madukani, na viwanda vya nguo vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, uchumi wa nchi yetu ulipungua badala ya kukua, na hoteli za Pwani zikawarudisha watumishi wao nyumbani.

Nayataja hayo kwa sababu moja. Katika misiba hiyo yote, waliopoteza kazi hawakuipoteza kwa uvivu wala kwa utovu wa adabu. Basi ndugu yetu akirudi nyumbani na barua ya kupunguzwa, tusimtazame kana kwamba ameiba. Aibu humfanya mtu ajifiche, naye ajifichaye hasaidiki.

Mimi mwenyewe naijua aibu hiyo. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Rafiki yangu mmoja alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na kila jioni alitoka na mikono myeusi kwa mafuta. Zaidi ya mara moja aliniambia, "Njoo nikufundishe kutengeneza cherehani, haitakudhuru." Nilicheka tu, maana nilivaa tai. Kiwanda kilipofungwa, sote wawili tulipewa barua siku moja. Kabla ya mwezi kwisha, mwenzangu alikuwa ameketi chini ya mti, mbele yake cherehani za watu zinangoja zamu. Mimi nilizunguka maofisini muda wa miaka miwili na vyeti vyangu katika bahasha. Kiinua mgongo changu kilikwisha kwa nauli, kodi ya nyumba, na biashara niliyoianza kwa haraka nisiyoijua kichwa wala miguu. Mwisho nilikwenda kwa rafiki yangu yule, nikamwomba anifundishe. Alinipokea bila neno la kunisuta, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kutokana na hayo, ninayo mashauri matatu.

La kwanza nalielekeza kwa walio na kazi sasa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu asijiuzulu kwa sababu ya uvumi tu, wala kwa hasira, kabla hajapata pa kushika. Kadhalika aijue haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yaeleza utaratibu wa kumpunguza mtu kazini. Mwenye kazi humpasa kutoa taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi ikiwa si mwanachama, na kwa Afisa wa Kazi. Katika kuchagua wa kupunguzwa, yampasa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Tena humlazimu kulipa siku za likizo zilizobaki, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mtu aliotimiza kazini. Aliyejiuzulu mwenyewe kwa hofu hawezi kuyadai malipo hayo ya kupunguzwa. Basi mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na ailete kwa Katibu tuisome pamoja.

La pili ni juu ya fedha. Akiba haiozi. Aliyepokea kiinua mgongo na akiweke kwanza miezi mitatu bila kukigusa, ila kwa chakula, kodi na karo. Katika miezi hiyo watakuja wengi wenye maneno matamu, huyu ana shamba la kuuza, yule ana gari la abiria. Biashara njema itakuwapo hata baada ya miezi mitatu. Fedha iliyopotea hairudi.

La tatu ni kwa wazazi, nami nalisema kwa unyenyekevu, maana wapo humu walionizidi umri. Tumewalea vijana wetu waamini ya kwamba kazi ya heshima ni ile ya kiti na meza. Lakini yatazameni mambo yalivyo. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa yake juu ya Kenya, likaonyesha ya kwamba mafundi na wachuuzi wadogo, hao tuwaitao leo watu wa jua kali, ni nguzo ya riziki za watu, wala si wa kupuuzwa. Hivi leo, tukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wafanyao kazi nchini wamo katika jua kali.

Sisemi kwamba ufundi hauna njaa. Rafiki yangu yule naye aliona miezi ambayo wateja walileta cherehani wasiwe na fedha ya kuzikomboa. Wala sisemi mtoto aache shule. Nasema kijana asiwe na mguu mmoja tu. Mwenye ukarani na ajifunze ufundi, na fundi ajifunze kuandika hesabu zake na kufanya jaribio la Serikali la ufundi, ili apate cheti cha kuonyesha popote aendapo. Barua ya kazi ni ya aliyeiandika, naye aweza kuifuta. Ujuzi ni wa mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, Chama chetu kimezika wafu na kuuguza wagonjwa tangu kilipoanzishwa, na kazi hiyo ni njema. Naomba mkutano huu ufikiri kuongeza jambo moja: sehemu ya michango yetu itengwe kwa kulipa ada za majaribio ya ufundi kwa wanachama waliopunguzwa kazini na kwa vijana wao. Na wazee walio mafundi wakubali kupokea kila mmoja mwanafunzi mmoja, bila kumsuta, kama mimi nilivyopokewa.