JINA LIPO, KITU HAKIPO
Mazungumzo juu ya kutunza hati zako katika kompyuta, flashi na simu

(Mazungumzo haya yalitolewa mjini Bujumbura mbele ya walimu, makarani wa kamati na vijana wa mafunzo ya kompyuta kutoka kambini. Tumeombwa tuyachape ili na wale ambao hawakufika wayasome. Msomaji asiye na kompyuta asiruke ukurasa huu, kwani mengi yanahusu pia simu na flashi.)



Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika duka dogo la kupiga chapa na kutoa fotokopi, hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Uvira. Alikuwa na bahasha moja tu. Ndani mlikuwa na diploma ya mwanawe, buletini za shule za miaka sita, na hati za kuzaliwa za watoto wawili. Karatasi zilikuwa zimelowa na wino umeanza kufifia. Akaniomba nizipige skani na kuziweka kwenye flashi. Nikafanya. Nilipoona majina yote yametokea kwenye flashi, nikaichomoa, nikampa.

Baada ya miezi saba alirudi. Mvua ilikuwa imemaliza zile karatasi, na mwanawe alitakiwa kuonyesha diploma ili aandikishwe masomo. Tukaifungua flashi. Majina yalikuwepo yote: diploma, buletini ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Lakini kila tulipogusa jina, hapakufunguka kitu. Pembeni, mahali pa ukubwa wa faili, paliandikwa sifuri. Na katika kompyuta ya duka nilikuwa nimekwisha kuzifuta ili nipate nafasi.

Mama yule hakunigombeza. Aliifunga flashi katika pindo la kitenge chake, akasema, "Basi baba, jina lipo, kitu hakipo."

Kosa lilikuwa langu. Nilitoa nakala bila kuihakiki. Tangu siku ile nimejifunza jambo moja, nalo ndilo nililokuja kuwaambia leo: nakala ambayo hujaihakiki usiihesabu kuwa ni nakala.

KWA NINI YALITOKEA HAYO

Unapoiagiza kompyuta inakili faili kwenye flashi, mara nyingi haimalizi kuandika papo hapo. Jina huweza kutangulia, na vilivyomo vikabaki kwa muda katika kumbukumbu ya kompyuta vikisubiri zamu. Ukichomoa flashi wakati huo, au umeme ukikatika, jina hubaki bila mwili. Ndiyo maana kuna agizo la "ondoa kwa usalama". Si mapambo, litumieni.

Kuna hatari nyingine inayotoka sokoni. Zipo flashi na kadi za memori za bandia. Juu imeandikwa GB 64, lakini ndani mna nafasi ya GB 8 tu. Flashi ya namna hiyo inapokea kila unachoiwekea bila kulalamika, kisha ukitaka kusoma unakuta takataka. Programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotolewa na gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, huijaza flashi, kisha huisoma yote tena na kusema ukweli wake. Ijaribuni flashi mpya ingali tupu, kabla ya kuikabidhi diploma.

KAZI TATU ZISIZOFANANA

Watu wengi huchanganya kazi tatu. Tuzitenganishe.

Ya kwanza ni KUHIFADHI NAKALA. Unachukua hati ilivyo leo, unaiweka mahali pengine, na unaiacha huko. Hati ya kwanza ikipotea au ikiharibika, unarudi kwenye nakala.

Ya pili ni KUSAWAZISHA. Hapa mahali pawili panafanywa pafanane, kwa mfano kompyuta ya shule na diski ya akiba. Programu mashuhuri ya kazi hii ni rsync, iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Uzuri wake ni kwamba inapopitia mtandao haitumi faili yote upya, bali hutuma zile sehemu zilizobadilika tu. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa vipimo vidogo, hilo ni jambo kubwa. Katika Windows iko Robocopy, ambayo huja na kompyuta yenyewe.

Lakini tahadharini: kusawazisha si kuhifadhi. Ukiiagiza Robocopy kwa neno /MIR, au rsync kwa neno --delete, kila kisichokuwepo upande wa kwanza kitafutwa upande wa pili. Karani akifuta orodha ya wanafunzi kwa bahati mbaya asubuhi, na jioni akasawazisha, orodha imekwenda kotekote. Ukikosea ukageuza pande, diski tupu ikawa ndiyo ya kwanza, basi utupu ndio utakaonakiliwa. Huduma nyingi za kuhifadhi picha za simu kwenye intaneti nazo husawazisha: ukifuta picha kwenye simu, huenda umeifuta na kule. Someni onyo kabla ya kubonyeza.

Ya tatu ni KUHAKIKI. Kazi hii ninyi mnaijua kuliko mimi. Kadi ya kaya imeandikwa watu saba. Siku ya uhakiki, karani haiamini kadi peke yake. Anataka watu saba wasimame mbele yake, na waweke vidole kwenye mashine. Faili nazo tuzifanyie vivyo hivyo.

ALAMA YA KIDOLE YA FAILI

Programu ya kuhakiki husoma faili yote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hutoa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Kwa njia iitwayo SHA-256, iliyowekwa katika viwango vya Serikali ya Marekani mwaka 2002, mstari huo una alama 64, iwe faili ni barua ya ukurasa mmoja au filamu ya saa mbili. Faili ikibadilika hata nukta moja, mstari unakuwa mwingine kabisa. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya faili.

Katika Windows huhitaji kununua kitu. Fungua dirisha la maagizo, uingie katika folda yenye hati, uandike:

certutil -hashfile diploma.pdf SHA256

Katika Linux andika:

sha256sum diploma.pdf

Andika mstari huo katika daftari, au uuweke katika faili ndogo pamoja na hati. Fanya hivyo kwa faili ya kwanza, kisha kwa nakala. Mistari ikilingana, nakala ni ileile. Isipolingana, nakili upya. Baada ya kunakili, toa flashi kwa usalama na uirudishe kabla ya kuhakiki, maana kompyuta huweza kusoma kutoka kumbukumbu yake yenyewe badala ya kusoma flashi, ikakupa jibu la uongo.

Jambo moja msilisahau. Alama hii haikuambii kwamba faili ni nzuri, inakuambia tu kwamba ni ileile. Kama skani ilitoka na ukungu tangu mwanzo, utahakiki ukungu. Kwa hiyo kwanza fungua hati kwa macho, soma jina, tarehe, namba na muhuri. Mwenye simu tu afanye angalau hilo: afungue kila nakala, moja moja, mpaka ya mwisho.

HATA WAKUBWA YAMEWAPATA

Msidhani haya ni ya watu maskini tu. Mwaka 1998, kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, huko Marekani, ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja akatoa agizo la kufuta, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Wakaenda kwenye nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hapakuwa na aliyejua, kwa sababu hapakuwa na aliyezijaribu. Walichookoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi wao Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua na alifanyia kazi nyumbani. Kampuni yenye fedha nyingi iliokolewa na nakala ya mama mwenye mtoto mchanga!

NAKALA MBILI MAHALI PAMOJA NI NAKALA MOJA

Kisa hicho kinatupa funzo lingine: nakala iliyosalia ilikuwa nyumba nyingine. Mji huu wa Bujumbura unalijua hilo. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliungua. Aliyekuwa na daftari la madeni kibandani, na nakala yake katika kibanda hichohicho, moto haukumwulizia ipi ni ya akiba. Ninyi mliotoka Uvira mnakumbuka maji ya Aprili 2020. Waliotoka Goma wanakumbuka Nyiragongo, mwaka 2002 na tena 2021.

Kwa hiyo mafundi wana kanuni ya 3, 2, 1: nakala TATU, kwenye vyombo vya aina MBILI, na MOJA ikae mbali. Kwa familia ya kambini inawezekana: moja kwenye simu yako, moja kwenye flashi, na moja kwa ndugu unayemwamini aliye mji mwingine, au kwenye barua pepe yako.

NAKALA NAYO NI SIRI

Lakini kadiri nakala zinavyoongezeka, ndivyo milango inavyoongezeka. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika hifadhi yenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo watu waliotengana na familia zao na waliopotea. Ikiwa shirika kubwa linaweza kuingiliwa, flashi yako nayo yaweza kuokotwa. Programu ya bure ya 7-Zip huweza kufunga hati zako pamoja kwa neno la siri. Chagueni neno refu na mlitunze vizuri, kwani ukilisahau hakuna wa kukufungulia. Msiache hati kwenye kompyuta ya duka au ya watu wote. Mkimaliza, zifuteni, lakini baada ya kuhakiki, si kabla!

TUFANYE NINI TUKIRUDI KAMBINI

1. Kusanya hati zote za familia. Hati halisi ziweke katika mfuko usioingiza maji. Nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya hati halisi, ila ukiipoteza, nakala itakupa namba na tarehe za kuanzia.
2. Piga skani au picha mahali penye mwanga. Fungua, soma.
3. Nakili mahali pawili zaidi. Toa flashi kwa usalama.
4. Irudishe flashi, ufungue kila faili. Mwenye kompyuta alinganishe alama 64.
5. Rudia uhakiki kila baada ya miezi sita. Flashi iliyokaa miaka bila kuguswa huweza kupoteza vilivyomo.
6. Makarani na walimu: kabla ya kusawazisha, soma tena upande upi ni wa kwanza na upi ni wa pili.

Ndugu zangu, wengi wenu mlivuka mpaka na bahasha moja. Yule mama wa Uvira aliivusha yake salama, ikaja kupotea mikononi mwangu, mezani, katika dakika moja ya haraka. Ningeirudisha ile flashi na kuifungua mbele yake, ningeona sifuri ile, na karatasi zilikuwa bado zipo. Ndiyo maana leo nawaomba, kila anayewapa flashi mwambieni: "Ifungue kwanza, nione."