Pesa za Kaskazi, Chakula cha Kusi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia waliozuru Mji wa Kale, Mombasa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

  Najua mmetoka Kwale, Kilifi na wengine Taita, na kwamba asubuhi hii mmezungushwa Fort Jesus mpaka miguu imechoka. Kaeni basi. Nimeombwa niseme jinsi wazee wetu wa mji huu walivyoishi kwa kidogo, na ni yapi kati ya hayo mnaweza kurudi nayo vijijini.

Kwanza niondoe neno moja. Watu husema wazee wale walikuwa wabahili. Babu yangu alikuwa mchukuzi katika bandari ya kale, hapo chini mlipopita, na kazi yake ilifuata upepo. Kaskazi ikivuma, tangu Novemba au Desemba hadi Machi, majahazi yalikuja kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi na tende, mazulia, chumvi na samaki wakavu. Kusi ikianza, kama mwezi wa Aprili, yalipakia boriti za mikoko yakarudi kwao. Halafu bahari ilichafuka na bandari ikanyamaza. Hata wavuvi siku nyingi walikaa barazani wakishona nyavu. Babu alipata pesa miezi minne au mitano, na tumbo lilitaka chakula miezi kumi na miwili. Je, huo ni ubahili? Ile ilikuwa hesabu. Na nyinyi mnaovuna mara moja au mbili kwa mwaka, halafu mkalipa karo mara tatu, hesabu yenu ni ile ile ya babu, ila mwaita kwa majina mengine.

Mwenye kuishika hesabu hiyo nyumbani alikuwa bibi. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa na kopo la bati lenye mfuniko. Kila siku akipima mchele wa chakula cha mchana, alirudisha konzi moja ndani ya kopo. Sufuria haikujua tofauti. Kopo likijaa, mchele ulihamia kwenye debe, na debe halikufunguliwa mpaka kusi. Ukimwendea mwezi wa Februari ukalia njaa, atakupa ndizi, atakupa kihogo, lakini debe hagusi.

Hebu tufanye hesabu hapa hapa. Konzi ya mtu mzima tuseme ni gramu 50. Mkifika nyumbani pimeni zenu. Siku 30 ni kilo moja na nusu. Kikundi cha watu 20 ni kilo 30 kwa mwezi, na kwa miezi mitano kilo 150. Hakuna aliyetoa hata shilingi. Wa mahindi wafanye kwa mahindi. Lakini nafaka iwe imekauka kweli. Chukua chupa kavu, tia mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu vijiko vitatu au vinne, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana unyevu, yarudishwe juani. Chumvi ikishuka chini yote, hifadhi. Usilichukue jambo hili kwa mzaha. Mwaka 2004, huko Ukambani na jirani zake, mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125. Na mahindi yenye kuvu hayasafiki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

Sasa, mnasema, siku hizi kuna simu. Mimi sina ugomvi na simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituondolea taabu ya kumpa dereva wa basi bahasha na kumwombea afike salama. Ninaloliogopa ni ule mkopo wa usiku, wa kubonyeza tu. Tuchukue mfano: unakopa shilingi 1,000 kwa siku 30, ada ni asilimia saba na nusu, yaani shilingi 75. Ni kidogo, eti? Unalipa, na siku ile ile unakopa tena kwa sababu umebaki mtupu. Mwisho wa mwaka umelipa ada shilingi 900, na elfu moja yenyewe bado si yako. Bibi hakusoma shule, lakini angelikuuliza: kwa nini usiiweke ile 75 kwenye kopo? Kwa kikundi, kopo ni sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na siku ya kufungua iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Siku hiyo ndiyo kusi yenu.

Niende jikoni, maana akina mama naona wananingoja huko.

Nazi. Siku hizi naona watu wanakamua mara moja, wanatupa. Bibi alikamua mara tatu. Tui la kwanza, kasimile, aliliweka kando. La pili na la tatu ndiyo yaliyopikia maharagwe au wali, na kasimile liliingia mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Kwa hiyo nazi moja ilifanya kazi ambayo leo twatumia mbili. Chicha zilikwenda kwa kuku. Kifuu kizuri kilitiwa mpini kikawa upawa au kata, na kibovu kiliwashia makaa bila mafuta ya taa. Makumbi yalisugua sufuria.

Makaa nayo hayakuachwa yajile bure. Chakula kikiisha kuiva, yale yanayowaka alikuwa akiyatia kwa koleo ndani ya kopo la bati na kulifunika kabisa. Moto usiopata hewa hufa, na kesho makaa yapo, makavu, yanashika upesi kuliko mapya. Maharagwe yalilala majini usiku kucha. Na mimi nimeongeza langu, kapu la joto: kikapu kikubwa kilichojazwa matambara au makumbi makavu pande zote, na mto mzito juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kweli kweli dakika 20 au zaidi, sufuria ifunikwe, izamishwe kapuni, iachwe saa nne bila kuchunguliwa. Kabla ya kula, ichemshwe tena. Anayefunua funua kila dakika asilaumu kapu.

Kuna mahali simfuati bibi. Usiku wa mvua aliingiza jiko la makaa chumbani tupate joto. Labda tuliokolewa na dari refu na madirisha yasiyofunga sawasawa. Moshi wa makaa huuona na ukakimbia, lakini hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jiko likae nje, hata kama limekuwa majivu. Wala simfuati babu, aliyekuwa akipasua kijiti cha kibiriti kwa wembe apate viwili. Vidole alivyokata na vijiti alivyookoa, sijui vipi vilikuwa vingi.

Kanga sitawachosha, mwajua wenyewe: ya harusini, kisha ya nyumbani, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto, kisha tambara la kudekia. Na kikapu cha ukili, ambacho vijana walikicheka, kilirudi na heshima zake mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Mwenye kujua kusuka ana biashara mkononi.

Lakini nataka kusema jambo ambalo katika sifa za wazee huwa halisemwi. Wali ukipakuliwa, bibi alikuwa wa mwisho. Alikula ukoko na kichwa cha samaki, na kusi ikikaza alikula ukoko peke yake. Akiba ya nyumba ile ilitoka katika sahani moja. Wazee wa kiume waliisifu nyumba kwamba ina bibi anayejua kubana, na hakuna aliyeuliza nani anabanwa. Vikundi vyenu vikipanga kupunguza matumizi, liulizeni hilo kwa sauti, mwanamume akiwapo. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiguswe katika hesabu hiyo. Konzi ya mchele itoke kabla ya kupika, kwenye chakula cha wote, wala isitoke kwenye sahani ya mmoja baada ya kupakua.

Namalizia na maji, na hapa nitakaa kidogo.

Kisiwa hiki hakina mto. Visima vya Mji wa Kale vina chumvi, na leo viko karibu mno na mashimo ya vyoo. Maji ya bomba yanatoka mbali: Marere kule Shimba Hills, Baricho kwenye mto Sabaki, na chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambako bomba la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika mwaka 1957. Bomba likipasuka huko juu, ndoo inakauka Kibokoni, na mkokoteni wa mitungi unapandisha bei. Ndani ya Fort Jesus mmeliona birika la mvua. Wareno walioanza kuijenga ngome ile mwaka 1593 walilijua tatizo hili, na bibi pia.

Kwake maji yalikuwa na daraja. Maji matamu ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wa udongo, na yalitekwa kwa kata yenye mpini, mkono usiingie. Ya mvua yalipikia na kufulia, maana sabuni hutoa povu upesi ndani yake. Ya kisima yalidekia na kuoshea choo. Na yale yaliyooshea mchele yalimwagiwa mchicha.

Nyinyi mna paa kubwa kuliko sisi. Paa la bati la mita tano kwa sita ni mita za mraba 30, na mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake ni lita 300. Toa zinazopotea, chukua 240: hiyo ni mitungi 12 ya lita 20 kwa mvua moja. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni ipite, ioshe mavumbi na mavi ya ndege. Maji ya kunywa yachemsheni, au tieni dawa ya klorini kama karatasi yake inavyosema, au jazeni maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi na kuzilaza juani saa sita. Siku ya mawingu mengi, ziachwe siku mbili.

Na pipa lifunikwe kwa kitambaa. Mombasa tuliugua dengi mwaka 2013, na chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018. Mbu wa homa hizo hapendi dimbwi chafu, anapenda maji safi ya nyumbani. Mayai yake hugandama ukutani mwa pipa, kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Sugueni kwa brashi kila juma.

Basi mifereji isafishwe kabla mvua za mwaka hazijaanza, na nyinyi mnaotegemea vuli, ngazi itoke mwezi wa Septemba. Wanaotaka kupima kapu la joto, liko pale karibu na mlango. Maharagwe yamo ndani tangu saa mbili asubuhi, na jiko liko tayari uani. Njooni tuyachemshe, tuonje.