Tusiwavike Viongozi Kilemba cha Ukoka



Leo tuzungumze juu ya kujipendekeza kwa wakubwa. Wazee wetu waliita tabia hiyo kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Jua likiwaka, kilemba kinanyauka.

Mgeni akija toka wilayani, mjanja mmoja hutangulia mbele: "Mzee, hapa kwetu mambo safi kabisa! Hatuna shida." Kumbe pampu ya kisima imekufa, na akina mama wanachota maji mtoni. Mgeni anaondoka ameridhika. Mjanja anapata mbolea kabla ya wenziwe. Sisi tunabaki na ndoo tupu.

Je, tufanyeje? Hapa Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hapo ndipo pa kusema, kwa adabu lakini bila woga. Nasi tuliojifunza kusoma, tuyasome mapato na matumizi, kisha tuulize.

Kiongozi akifanya vyema, tumsifu kwa kazi tuliyoiona. Akikosea, tumwambie. Hiyo ndiyo heshima ya kweli.